Jiwe Lisilopikwa

Jiwe la baba yangu halijapikwa. Najua sentensi hiyo inasikika kama ya mtu mwenye homa, lakini kwenye biashara ya vito ndiyo inayobeba pesa. Yakuti samawi nyingi zilizo kwenye pete za madukani zimepitia tanuri. Moto unaweza kufika hadi nyuzi joto 1,800, rangi ikae sawa na ukungu wa ndani upungue. Si wizi, mradi muuzaji aseme ukweli. Ila jiwe zuri lililotoka ardhini hivyo hivyo, likakatwa na kung'arishwa tu, lina bei yake. Mnunuzi analipia kitu ambacho hakikufanyika.

Mtaani hakuna anayesema yakuti samawi. Mama anaiita safaya. Akikasirika anaiita "lile deni", kwa sababu ndivyo ilivyoingia kwetu Kariobangi Kusini. Baba alikuwa dereva wa lori la mbuzi, Isiolo hadi Kiamaiko, lile soko la Huruma ambalo ukipita asubuhi nguo zinanuka nyama hadi jioni. Msimu mmoja wa kiangazi mfanyabiashara wa Garba Tula alishindwa kumlipa safari tatu. Mbuzi walikuwa wamekufa, na mtu hawezi kukamuliwa asichokuwa nacho. Akampa jiwe, limefungwa kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Baba akalichukua, wakasalimiana, mambo yakaisha. Baba alipofariki, jiwe lilibaki ndani ya mkebe wa Blue Band, pamoja na vifungo na sindano za Mama.

Ukiliona hutashtuka. Ni kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mto, gramu mbili na kitu, buluu iliyokolea hadi uliinue kwenye mwanga. Hapo ndipo utaona kijani kidogo pembeni. Safaya za Garba Tula ndivyo zilivyo: za buluu, za kijani, za manjano, na wakati mwingine rangi mbili ndani ya jiwe moja. Watu wamezichimba huko tangu miaka ya 1970.

Kilichonishangaza ni jiwe lenyewe limeundwa na nini. Safaya ni aluminiamu na oksijeni, basi. Aluminiamu ile ile ambayo mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaiyeyusha kutoka kwa vyuma chakavu. Rangi ya buluu inatokana na chembe za chuma na titani. Weka kromi badala yake, upate rubi. Kwa ugumu, inatanguliwa na almasi pekee kati ya vito. Kwa hivyo kati ya sufuria ya Mama na pete ya malkia kuna oksijeni, uchafu kidogo, na miaka mingi ya kuachwa peke yake chini ya ardhi.

Mwaka jana kifunga mimba wetu alipata barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa elfu sitini na tano, na Mama anauza chapati na madondo. Mkebe ukafunguliwa.

Broka mmoja wa mjini alilimulika jiwe kwa tochi ya simu, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Mathe, hii iko giza. Nawapa elfu ishirini sahii. Ama mniachie niipige moto, ikifunguka tutaongea vizuri." Nikamuuliza kuhusu leseni, ile ambayo Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe nayo. Akacheka. "Boss, wewe unataka leseni ama unataka doo?"

Tukaenda kwa sonara mmoja mama huko Ngara. Yeye alitumia lenzi ya mara kumi, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanipa niangalie. Ndani kulikuwa na vijisindano vyembamba, vimepishana kama nyuzi za hariri. Moto mkali huviyeyusha au kuvikatakata, akatueleza, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo maabara hutumia kujua jiwe limepikwa. "Hili halijaguswa," akasema. "Lakini neno langu halitoshi. Mnunuzi mkubwa atataka cheti cha maabara ya nje. Na likikatwa, msishangae likipoteza zaidi ya nusu ya uzito."

Kwa hivyo ili jiwe litoe bei yake halisi, lilihitaji pesa za cheti, pesa za kulikata, na miezi ya kusubiri mnunuzi. Sisi tulikuwa na wiki mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa biashara hii. Watu husema wanalipia uasili. Mimi naona wanalipia subira ya mtu mwingine. Mchimbaji wa Garba Tula anaijua safaya nzuri kuliko mimi na wewe, lakini watoto wake wanakula leo, kwa hivyo anauza leo. Broka naye anataka kuipika leo. Anayepata faida ya "asili" ni yule wa mwisho, ambaye friji yake haimharakishi.

Mwezi wa Oktoba 2010, Prince William alimvisha Kate Middleton pete ya safaya hapa hapa Kenya, kwenye Mlima Kenya. Jiwe la karati 12, la mama yake, lililonunuliwa London mwaka 1981. Alilibeba kwenye mkoba wa mgongoni hadi huku kwetu. Ukishuka mlima upande wa pili unaelekea Isiolo, kisha Garba Tula. Sina kinyongo naye. Nafikiria tu kwamba lile lilikaa miaka 29 katika familia moja bila mtu kuulizwa karo.

Usiku ule Mama alilifunga jiwe tena. "Elfu ishirini haifiki karo," akasema. "Na moto hauna kurudisha. Chapati ikiungua napika nyingine. Hii nitapika nyingine wapi?" Kesho yake akaenda kwa chama, akakopa kwa jina lake, mimi nikawa mdhamini.

Dada yangu sasa yuko wodini kwa mafunzo, analalamika miguu inamuuma. Mimi natuma 4,200 kila tarehe tano. Mama ananiambia nimepungua, nami namwambia ni fashoni. Mkopo unaisha Aprili. Baada ya hapo tutatafuta pesa ya cheti, polepole, na atakayetaka kulinunua jiwe atatukuta hatuna haraka.