Listi Chafu Inafukuza Hata Mwenye Kulipa



Katika buletini hii tumezoea kusoma habari za mpira, za koro na za mitihani. Mara hii tunataka kuongea juu ya kazi ambayo wengi wanaiona kuwa kavu: namna ya kusafisha listi iliyo ndani ya kompyuta na kuipanga upya, ili iweze kuhesabiwa vizuri. Usiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa komersiali tu." Kila mmoja wetu ni mstari ndani ya listi ile. Mstari wako ukiwa mchafu, ni wewe utakayebeba madaftari kurudi nyumbani.

Mnajua namna inavyokuwa siku ya kusoma majina ya wenye deni la minervali. Katika mwezi wa kumi walifukuzwa hata watu wenye kushika bordero ya banki mkononi. Mmoja wao ni mtoto wa kalasi za chini, kwao ni mbali, alienda kwa miguu. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza mbuzi kwa sababu ya feza ile ile. Kisha mambo hayo Baba Prefe alituita, sisi wakubwa wa wanafunzi pamoja na wenzetu wa mwaka wa mwisho wanaojua mashini kidogo, tusaidie kutazama ile tablo ya Excel. Tulifanya kazi wakati wa alasiri, saa mashini ya umeme ilipowaka.

Tulikuta nini? Hatukukuta mwizi. Tulikuta tablo iliyoandikwa kwa ajili ya macho ya mtu, lakini wakaiomba kufanya hesabu ya mashini. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kila kalasi ilikuwa na ukurasa wake, kila mwezi na kolone yake. Ndani ya kijumba kimoja uliweza kusoma "30000 fc", kingine "alilipa", kingine "20000 + 5 dola", kingine "kuona baba yake". Mtu akisoma anafahamu. Mashini haifahamu. Ukiiambia kujumlisha kolone, inahesabu namba tu, na yale yote yenye herufi inayaruka bila kusema neno. Kwa hiyo "30000 fc" ni sifuri mbele yake, kwa sababu ya zile herufi mbili za mwisho! Yule aliyelipa yote anaonekana kama hakuleta hata franka moja. Hii ndiyo ilifukuza wenzetu.

Hata nukta inaweza kudanganya. Ukiandika 30.000 katika mashini iliyopangwa kwa Kiingereza, inasoma thelathini tu. Tarehe vilevile: 03/04 kwetu ni siku ya tatu ya mwezi wa nne, lakini kwa Wamarekani ni siku ya ine ya mwezi wa tatu.

Shida kubwa zaidi ilikuwa majina. Sisi Wakongomani tuna jina, postnom na prenom. Wazee wetu waliambiwa katika mwaka 1972 kuacha majina ya Kizungu, nyuma yakarudi, na mpaka leo kila mtu anaanza na jina lile analopenda. Mwanafunzi mmoja alikuwa na majina yake kwa mpango huu katika mwezi wa kenda, na kwa mpango mwingine katika mwezi wa kumi. Tena mmoja anaandika Mwamini, mwingine Muamini. Mmoja Byamungu, mwingine Biamungu. Kwa mashini hao ni watu wawili: wa kwanza amelipa, wa pili ana deni. Hata nafasi tupu nyuma ya jina, isiyoonekana kwa macho, inafanya jina kuwa lingine.

Basi tulifanya namna gani? Tunaandika hapa kwa utaratibu, labda kesho wewe utashika kazi kama hii katika kanisa, katika hospitali ao katika shirika la wakulima.

Kwanza, hatukugusa tablo ya zamani. Tulifanya kopi, tukaandika tarehe juu yake, na tukatumika katika kopi. Mtu anayeosha nguo asitupe nguo pamoja na maji.

Pili, kila kijumba kibebe jambo moja tu. Jina, postnom na prenom katika kolone tatu. Namba ya feza peke yake, aina ya feza (franka ao dola) katika kolone yake, na maneno kama "kuona baba yake" katika kolone ya maelezo. Nafasi tupu za nyuma tuliziondoa kwa formula ya SUPPRESPACE.

Tatu, kila mstari uwe malipo moja. Hapa ndipo tulipanga yote upya. Pahali pa kuwa na kolone ya mwezi wa kenda, ya mwezi wa kumi na kuendelea, tulifanya ukurasa moja kwa masomo yote: namba ya mwanafunzi, kalasi, tarehe, mwezi unaolipiwa, namba ya feza, namba ya bordero. Tablo ikawa ndefu sana, na wengine walicheka kwamba tumeiharibu. Lakini sasa ukiuliza, "Huyu amelipa ngapi?" SOMME.SI inajibu mara moja. Mpango huu si wetu. Bwana Hadley Wickham aliufundisha katika andiko lake la mwaka 2014: kila jambo linalopimwa liwe na kolone yake, kila tukio liwe na mstari wake. Na mbele yake, katika mwaka 1970, Edgar Codd alikuwa amekwisha kuonyesha namna ya kupanga habari katika tablo zenye kuungana.

Ine, tusibahatishe. Katika kalasi moja kulikuwa mistari miwili yenye jina moja na postnom moja. Mwenzetu mmoja alisema, "Ni mtu moja, ungeni." Tulikataa, tukaenda kuuliza katika kalasi: walisimama vijana wawili! Kama tungeunga, mmoja angepata malipo ya mwenzake, na mwingine angepotea kabisa. Tangu hapo kila mwanafunzi ana namba yake, na kila jambo tulilobadilisha tuliliandika katika daftari: tulibadilisha nini, kwa sababu gani, nani alihakikisha.

Msifikiri kwamba hayo ni mashida ya Kongo tu. Katika Uingereza, mwaka 2020, watu 15.841 waliopatikana na Covid hawakuingia katika hesabu ya serikali kwa siku kadhaa, kwa sababu habari zilipitishwa katika aina ya zamani ya Excel isiyoweza kupita mistari 65.536. Waliobaki inje hawakuonekana, na watu waliokutana nao walichelewa kuambiwa. Tena, wenye kuchunguza jeni za mwanadamu waliona Excel ikigeuza jina SEPT2 kuwa siku ya mwezi wa kenda. Katika mwaka 2020 halmashauri yao iliona ni vyepesi zaidi kubadilisha majina ya jeni: leo inaitwa SEPTIN2. Kama wakubwa wale walianguka, sisi pia tuangalie miguu yetu.

Sasa tuseme neno gumu. Kusafisha listi hakupendelei mtu. Wenye kufukuzwa bure waliitwa kurudi, na tulifurahi. Lakini listi safi ilionyesha tena wale ambao hawakulipa hata kidogo na hawajaitwa hata siku moja. Sababu yake ni rangi. Katika kalasi moja rangi ya manjano ilikuwa na maana ya "amesamehewa", katika nyingine "amelipa nusu", na hakuna aliyeandika maana yake pahali popote. Wawili kati yao ni rafiki zetu, tunalala nao chumba kimoja. Walikuja usiku wakasema, "Acheni ile rangi, nani atajua?" Usingizi ulikuwa mgumu. Lakini tungewajibu nini wale waliotembea kwa miguu bila kosa? Tuliwaambia: mstari unabaki sawa ulivyo, lakini kesho tutaenda pamoja nanyi kwa Baba Prefe. Tulienda, na wakapewa ruhusa ya kulipa kidogo kidogo. Mpaka leo mmoja wao anatusalimu kwa ubaridi. Tunakubali.

Wengine watauliza, "Kwa nini kusumbuka hivi kwa listi ya masomo?" Inchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Vijana watakaofanya kazi ile siku moja ni hawa wanaokaa leo katika kalasi zetu. Anayezoea kuandika ovyo jina la jirani yake, ataandika ovyo majina ya mji mzima.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Andika majina yako kila mara kwa mpango ule ule ulio katika buletini yako ya pointi. Ukilipa, uombe jina lako lisomwe mbele yako, na utunze bordero. Ninyi wakubwa wa kalasi, acheni rangi, andikeni neno. Na walimu wetu wapenzi, tunawaomba kwa heshima: kabla ya kusoma listi, mtu mmoja ailinganishe kwanza na bordero. Kazi ile inakamata alasiri moja tu, na inaweza kumwachia mtoto juma zima la masomo.

Mkuu wa wanafunzi,
Mwaka wa mwisho