Ngazi za Montenvers

Kila Januari nyumbani kwetu Geneva kulikuwa na kikao. Shule za hapa hufungwa wiki moja mwezi Februari, na wiki hiyo familia nyingi hupanda milimani kuteleza kwa skii. Sisi tulikuwa na miji miwili ya kuchagua: Chamonix, ng'ambo ya mpaka wa Ufaransa, na Zermatt, huku huku Uswisi. Tumebishana juu ya miji hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikikumbuka vizuri, lakini, ubishi wenyewe haukubaki ule ule.

Mwanzo ulikuwa ubishi wa fedha. Tulifika mwaka 1997, watoto wawili na mshahara mmoja. Chamonix ni saa moja na kitu kwa basi. Unaondoka alfajiri na chupa ya chai na maandazi, jioni unalala kwako. Zermatt ni karibu saa nne kwa treni, unabadili Visp, halafu ulipie na malazi. Chamonix ikapita bila kupigiwa kura. Watoto wakajifunzia Les Houches, kwenye miteremko ya chini, wakianguka na kuinuka mpaka glovu zinalowa.

Mimi sikuteleza. Nimezaliwa Marangu, na theluji niliijua tangu utotoni, ila kwetu ilikuwa kitu cha kutazamwa asubuhi kabla mawingu hayajaifunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kuikanyaga kwa furaha hakukunijia. Kwa hiyo niliwaacha watoto na mwalimu wao, nikapanda treni nyekundu ya Montenvers.

Reli hiyo ya meno ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hupanda msituni kama dakika ishirini hadi mita 1,913, na hapo unasimama juu ya Mer de Glace, Bahari ya Barafu, mto mkubwa kuliko yote ya barafu Ufaransa. Kuanzia mwaka 1988 kulikuwa na kigari cha nyaya cha kukushusha bondeni, na mwisho wake ngazi za kufikia pango linalochongwa ndani ya barafu kila mwaka. Kigari kilipokuwa kipya, watu walishuka hatua chache tu wakawa wamefika. Nilipokwenda mara ya kwanza ngazi zilikuwa zimeshaongezwa, nami sikujiuliza kwa nini.

Aliyeuliza ni mama yangu. Alikuja kututembelea Juni 2003, mwanzo wa kiangazi kile cha joto kali, nikampeleka Montenvers kabla ya kumpeleka popote. Alishuka ngazi ameshika bomba la pembeni, akakaa kupumzika mara mbili. Alipofika chini hakutaka kuingia pangoni. Alisimama akitazama maji yanayotiririka kutoka chini ya barafu.

"Maji yote haya, mwanangu, zamu yake anapanga nani?"

Kwetu maji ya mlima hushuka kwa mifongo, yaani mifereji, na kila mwenye shamba anaijua siku yake ya kumwagilia. Nikamwambia, "Mama, haya hayana zamu. Yanaingia mto Arve yanakuja mpaka mjini kwetu." Hakuridhika, basi kesho yake nikampeleka La Jonction, pale Arve inapokutana na Rhône. Arve inakuja imejaa vumbi la miamba iliyosagwa na barafu, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa majivu. Rhône inatoka ziwani, buluu safi. Hukimbia bega kwa bega kitambo kabla ya kuchanganyika. Na Rhône nayo imebeba maji ya barafu ya Zermatt, ila yameacha tope lake ziwani. Mama alikaa pale mpaka jua likashuka. Mimi nilikuwa nimeishi karibu na mahali hapo miaka sita bila kujua kwamba ile miji yetu miwili ya kugombania hukutana hapo kila saa.

Baadaye binti yetu, akiwa na miaka kumi na minne, akaupindua uamuzi. Alikwishachoka na Chamonix, kwa kuwa miteremko yake imetawanyika bondeni na inakulazimu kupanda basi kutoka mmoja kwenda mwingine. Akataka Zermatt, aone Matterhorn. Tukaweka akiba, tukaenda. Huko magari ya petroli hayaingii. Unaliacha lako Täsch, unamalizia kwa treni. Asubuhi nilipofungua dirisha nikauona mlima wenyewe, mita 4,478, umechongoka peke yake, na nikamkumbuka Mawenzi, kilele kile ambacho katika hadithi za kwetu kilipigwa mchi na nduguye Kibo. Nilikaa kwenye ubaraza mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo kura ziligawanyika, mwaka huku, mwaka kule.

Kisha nikarudi Montenvers, baada ya miaka mingi. Ngazi zilikuwa zimepita mia tano. Njiani kuna vibao vya miaka: hapa ndipo barafu ilipofika 1990, hapa 2001. Unashuka, unashuka, na kila kibao unakiacha juu ya kichwa. Nililia pale, sioni haya kusema. Kufikia mwaka 2007 Kibo ilikuwa imepoteza asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo 1912, na huko hakuna kibao. Mama alikuwa akinionyesha kwa kidevu tu, akiwa uani: ilikuwa inafika pale, sasa haifiki.

Mwaka mpya wa 2023 vijiji vingi vya chini katika Alpi vilikuwa na majani mabichi mahali pa theluji. Hata Zermatt, yenye miteremko hadi karibu mita 3,900, ilisimamisha skii ya kiangazi mwishoni mwa Julai 2022 kwa sababu ya joto. Katika miaka ya 2022 na 2023 kwa pamoja, mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza kiasi cha asilimia 10 ya ujazo wake.

Sasa binti yangu ana mtoto wa miaka mitano, na kikao kimerudi mezani.

"Mama, twende Zermatt," alisema. "Ni juu. Theluji ya kumfundishia haitakosekana."

Hakutaja bei, wala Matterhorn. Nilikubali, maana ana haki. Tiketi zimeshakatwa. Ila nimeomba Jumamosi moja kabla ya safari, mimi na mjukuu tu, twende Montenvers. Kigari kipya cha nyaya kilifunguliwa 2024, kimejengwa mbele zaidi bondeni kuifuata barafu ilikorudi. Mjukuu hatashuka ngazi zile. Nitamwonyesha kwa mbali mama yangu alipokaa kupumzika.