Mtaka cha mvunguni na aende Kariobangi

Wakazi wengi wa jiji huijua Kariobangi kwa jina tu. Huipita wakiwa ndani ya matatu kwenye barabara ya Outer Ring, wakaona moshi na cheche za wachomeleaji, wakafunga dirisha. Leo nakuomba tushuke pamoja. Tuna shida moja ndogo: shemeji yangu ana Land Rover kuukuu aina ya Defender 110, naye anatafuta nafasi ya kufungia tangi la upepo.

Huenda ukauliza, tangi la upepo ni la kazi gani katika gari la mtu binafsi? Sikiza yaliyotupata. Likizo ya Agosti iliyopita tulikwenda na watoto hadi Chalbi, kule Marsabit. Lami kuu ya Moyale haikufikishi huko. Unaiacha, ukashuka kuelekea Maikona. Kwenye mchanga dereva hupunguza upepo ili tairi lilaze tumbo lake na kukanyaga pana, lisizame. Hilo ni jepesi. Kazi ni kuurudisha upepo ule ukifika njia ngumu, kwani tairi lililolegea likikimbizwa hupata joto na kupasuka. Sisi tulikuwa na pampu ya mguu. Tulipokezana hadi jua likatua, watoto wamejikunyata garini, na tairi la nne halijapata kitu. Shemeji akaapa kwamba hatarudi kule bila kompresa na tangi lake.

Basi, twende. Kutoka katikati ya jiji tunafuata Barabara ya Jogoo, tukiipita Kaloleni, kisha Jericho, hadi tukutane na Outer Ring na kukata kushoto. Tazama nje ya dirisha unapopita. Nyumba nyingi za zamani za Eastlands zilijengwa enzi za ukoloni kwa mfanyakazi mmoja aliyeacha jamaa yake mashambani. Jamaa walipokuja, nyumba haikuongezeka. Ndipo watu wakainua vitanda kwa matofali, na mvunguni mkaingia masanduku, mitungi ya maji, viatu, na magodoro ya watoto yanayotolewa usiku. Hata Buruburu, ambayo ujenzi wake ulianza 1973 kwa watu wa kipato cha wastani, leo utakuta mahali palipokuwa pa kuegesha gari pamekuwa duka au chumba cha mpangaji. Aliyekulia huku hakuulizi kama nafasi ipo. Huuliza iko wapi.

Hilo ndilo lililotupeleka kwa mafundi wa Light Industries, Kariobangi. Hapa gari hutengenezwa huku lingine likipita kwa shida, na kijana abebaye mlango wa gari kichwani hukuomba njia kwa mbinja. Fundi wetu ni mzee mfupi mwenye aproni ya ngozi. Shemeji alishusha mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13, akasema kwa fahari, "Fundi, tangi ninalo. Nitobolee hapa na hapa, unifungie ndani, chini ya benchi la nyuma."

Mzee hakuutazama mtungi. Alilitazama benchi. "Hapa juu hukaa nani?" akauliza.

Shemeji alinyamaza. Ni watoto wake watatu wanaokaa pale.

Ndugu msomaji, upepo uliobanwa si mchezo. Mtungi wa gesi haukuundwa kwa kazi hii. Mabaki ya gesi ndani yake yanaweza kulipuka moto wa kuchomelea ukiugusa, na chuma kikichomwa ovyo hudhoofika. Tena upepo una unyevu. Ukibanwa kisha ukapoa, maji hujikusanya chini, na mtungi usio na tundu la kuyatolea huoza kwa ndani bila mtu kuona. "Mimi kazi hiyo sifanyi," mzee akasema. "Mpe mwingine." Alikuwa tayari kuipoteza pesa ya siku ile.

Tulipoona hivyo tukamwomba atuongoze. Akatandika katoni chini ya gari, akalala chali, akatuita nasi tulale. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo tuliinama tukiwa na mashati ya Jumamosi.

Akatuonyesha sehemu moja baada ya nyingine. Chini ya boneti kuna joto la injini. Juu ya paa kuna matawi ya miti, na uzito ukiwa juu gari huyumba. Nyuma kabisa, chini, pamekaliwa na tangi la mafuta. Karibu na ekzosi ni mwiko. Katikati kuna shafti inayozunguka, na juu ya ekseli yaonekana pana, lakini gari likiruka kwenye shimo ekseli hupanda na kugonga chochote kilichopo. Mwisho akagonga kwa spana mahali ambapo hatungepawaza: ubavuni mwa chesisi kwa nje, chini ya sakafu, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, upande usio na ekzosi. Akapima kwa mkono. Unene shibiri moja, urefu shibiri mbili, na tangi lisining'inie chini kuliko chesisi yenyewe, lisije likapigwa na mawe.

"Lakini hapo litaingia tangi dogo tu, la lita 10!" shemeji akalalamika.

Mzee akachukua chaki, akaandika kwenye bodi. Tairi la gari hili hubeba kama lita 70. Kulitoa kipimo cha bar 1.2 hadi 2.4 kunahitaji lita 84 za upepo wa kawaida. Tangi la lita 10 lililojazwa hadi bar 8 litatoa lita 56 tu kabla ya kulingana na tairi. Kwa hiyo halijazi hata tairi moja, na la lita 30 lisingemaliza yote manne. Anayejaza ni kompresa. Tangi ni kibuyu cha akiba, ili kompresa isiwashwe na kuzimwa kila mara, na upate pumzi moja ya nguvu tairi likibanduka kwenye rimu. Haifai kumnyima mtoto kiti kwa ajili ya kibuyu.

Akatutuma kwa wauza spea za malori, tukaleta tangi dogo la breki za upepo, lenye kibao cha mtengenezaji na tundu la maji chini. Alilijaza maji kwanza, akalipampu kupita kipimo cha kazi. Maji hayabanwi kama upepo. Chuma kikishindwa, hutiririka tu. Halikushindwa. Akalifunga kwa mikanda miwili ya chuma iliyovishwa mpira wa tyubu kuukuu, kwa bolti, bila kuchomelea popote kwenye tangi. Akatia vali ya usalama, akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu halikutoa hata povu moja jipya.

Jioni tulirudi kupitia barabara ile ile, watoto wamekaa kwenye benchi lao, na chini yao hapakuwa na kitu ila spana na kamba. Mtungi wa gesi ulirudi jikoni, mahali pake.

Nawe ukiwa na haja kama yetu, peleka gari Kariobangi, lakini usimwamrishe fundi mahali pa kuweka kitu. Mwulize, kisha uiname naye. Na akikataa kazi yako, msikilize zaidi kuliko yule aliyekubali upesi.

Siku hizi kila Jumapili asubuhi watoto wa shemeji hugombania zamu ya kuingia mvunguni mwa gari na kufungua kile kitundu. Hutoka maji, kijiko kimoja hivi, yenye rangi ya chai.