Kiungo Kilicho Nyuma ya Injini



Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi ya alfajiri hapa Kipushi huingia hata mifupani, na ndipo wengi wetu tunapokumbuka kwamba gari lina kipasha-joto. Miezi mingine hakuna anayekifikiria. Kwa hiyo injini inapofunguliwa kwa matengenezo, mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye kipasha-joto na kuyarudisha huwa ya mwisho kukumbukwa.

Tulikuwa na gari la pamoja, kuukuu, la kuwapeleka wazee na wagonjwa Lubumbashi, mwendo wa kilometa zipatazo 30. Mwaka mmoja gasketi ya kichwa cha injini iliungua. Kichwa kikashushwa, kikasawazishwa, kikarudishwa. Kazi ya siku tatu. Jioni ya mwisho ilibaki shingo moja ya chuma, nyuma kabisa, kati ya injini na ukuta unaoitenga na abiria. Hapo ndipo mpira wa kipasha-joto huvishwa, kisha hukazwa kwa kolie, yaani pete ya chuma yenye skrubu. Mkono wa mtu mzima haupiti mahali hapo. Ulipita mkono wa kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi wetu, mwenye umri kama wenu. Giza lilikuwa likiingia, na alfajiri tulikuwa na mama mzee wa kumpeleka hospitalini. Tukamwuliza kijana: “Umekaza, sivyo?” Akajibu: “Ndiyo, papa.” Tukafunga.

Kesho yake mama mzee tulimpa kiti cha mbele ili apate joto. Tulipofika katikati ya njia, akasema hewa inayotoka imekuwa baridi. Tukamwomba ajifunike kitenge chake vizuri. Baadaye kidogo sindano ya kipimo cha joto, ambayo ilikuwa imeanza kupanda, ikashuka. Tukafurahi, tukadhani injini imepoa.

Kumbe yote mawili yalikuwa habari moja. Kipasha-joto hakina moto wake; huazima joto la maji ya injini, na maji yakipungua, chenyewe ndicho hutangulia kupoa. Kipimo nacho husoma joto la maji yanayokizunguka. Maji yakiisha, hubaki hewani na huweza kudanganya. Mpira ulikuwa umechomoka, maji yamemwagika njiani, na injini ilikuwa ikiungua huku sindano ikitutuliza. Mtu mmoja tu garini alikuwa ametuambia ukweli, nasi tulimwambia ajifunike.

Injini ilizimika. Mama mzee alikaa kando ya barabara katika baridi hadi gari jingine lilipomchukua. Alifika hospitalini saa yake ya kumwona daktari imekwisha kupita, akaambiwa arudi wiki nyingine. Kichwa cha injini kilipinda tena, na fedha tulizochanga kidogo kidogo zikapotea.

Tulirudi na hasira, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa kijana. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba skrubu ya kolie ilikuwa imekwisha meno. Ilizunguka bila kukaza. Alitaka kutueleza, lakini alipoinua macho alituona sote tumekwisha kunawa mikono.

Neno hilo lilituchoma. Sisi tuliosomea ualimu tulipaswa kujua. Mwalimu akiuliza, “Mmeelewa?”, darasa zima huitika, “Ndiyo,” naye huwa hajajua lolote. Swali letu la jioni ile lilikuwa na jibu lake ndani. Kijana hakufanya vema kuficha, na yeye mwenyewe alilikiri. Lakini sisi wakubwa ndio tuliomfungia mlango wa kusema kweli.

Tena sisi ni watu wa Kipushi, tuliolelewa juu ya mgodi. Mgodi huu ulianza kazi mwaka 1924, na uchimbaji ukasimama mwaka 1993. Tangu hapo pampu za chini ndizo zilizozuia maji, bila mtu wa juu kuziona. Mwaka 2011, kwa kukosa matunzo ya pampu, maji yalipanda yakafurika mgodini, na ilibidi yatolewe kabla ya kazi nyingine. Uzalishaji ulianza tena mwaka 2024 tu. Sisi kuliko wengine tulipaswa kujua kwamba maji hupita pale tulipoacha kutazama.

Tulimwomba kijana msamaha mbele ya fundi wake. Kisha kazi ikarudiwa. Alisugua kutu kwenye shingo ya chuma, akakata ncha ya mpira iliyokuwa imekauka, akausukuma upite ule ukingo ulioinuka, na kolie mpya akaikaza nyuma ya ukingo huo. Tulipojaza maji, kipasha-joto kilifunguliwa ili hewa isibaki ndani. Injini ikawashwa hadi ikapata moto, ikaachwa ipoe, na kolie ikakaguliwa tena, kwa maana mpira ukipata joto hulegea kidogo. Mfuniko wa radieta haukuguswa mpaka kila kitu kilipopoa. Safari hii hatukumwuliza kama amekaza. Tulimwambia, “Tuonyeshe,” nasi tukashika taa.

Vijana, ninyi pia mtawatuma wengine kazi siku moja. Pengine mmekwisha kuanza, kwa wadogo zenu nyumbani au katika kikundi. Kabla ya kunawa mikono, mpeni nafasi yule aliye mdogo aseme, “Bado.” Na ninyi mnaotumwa, semeni “Bado” hata kama wakubwa wana haraka.

Wiki iliyofuata tulimpeleka tena mama mzee. Njia nzima tulikuwa tukimwuliza kama hewa bado ina joto.