Mama alitaka kuuona uwanja wa shabaha kwanza

NI saa moja asubuhi, Jumamosi mwishoni mwa Mei, lakini jua la Tucson, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, tayari linachoma. Watu huwahi, kwa sababu mchana wa msimu huu joto hupita nyuzi 38. Nje ya mji, kwenye jangwa lenye dungusi aina ya saguaro, mirefu kuliko nyumba, marafiki kumi na wawili wanashusha bunduki kwenye magari yao.

Pembeni amesimama mama mmoja aliyehamia hapa na familia yake kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hakuja kushindana. Mwanawe wa miaka 14 amealikwa na rafiki yake wa darasani, ambaye baba yake hukutana hapa na wenzake mara moja kwa mwezi. Kijana aliomba ruhusa wiki nzima, na jibu la mama lilikuwa lilelile: “Nitakwenda kuona kwanza.”

Kwa mtu aliyekimbia vita, mlio wa bunduki si mchezo. Ana sababu nyingine pia. Anamlea mwanawe katika nchi ambayo familia nyingi zina bunduki nyumbani, na ambako tangu mwaka 2020 bunduki zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya mwaka 1 na 19, zikizidi hata ajali za barabarani.

Kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo

Mbele ya washindani kuna wanyama wadogo wa chuma waliopangwa kwa safu. Kuku wako mita 40, nguruwe pori mita 60, bata mzinga mita 77 na kondoo dume mita 100. Kuku hao si wakubwa sana kuliko kisanduku cha kiberiti.

Mchezo huu ulitoka Mexico, ambayo mpaka wake uko takriban kilomita 100 kusini mwa Tucson. Zamani walengaji wa huko walipiga wanyama hai. Mwaka 1948, jijini Mexico City, vivuli vya chuma vilichukua nafasi yao, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mchezo ukavuka mpaka na kuingia Arizona. Hadi leo wapo wanaotumia maagizo ya Kihispania: “Listo” ni kujiandaa, “Fuego” ni kupiga, “Alto” ni kuacha.

Bunduki zinazotumika hapa ni za kaliba .22, zenye risasi ndogo ambayo hulipuka ganda lake linapogongwa ukingoni mwa kitako. Teke lake ni dogo, ndiyo maana wengi huanza kujifunza nayo. Lakini udogo huo usimdanganye mtu, kwani risasi ya .22 inaweza kuua.

Dakika mbili na nusu

Sheria ni chache. Mshindani anasimama wima, bila kuegemea kitu wala kutumia mkanda wa kushikilia bunduki. Ana dakika mbili na nusu za kupiga wanyama watano, kuanzia kushoto kwenda kulia, risasi moja kwa kila mnyama. Ukimkosa, huruhusiwi kumrudia. Ukimgonga asianguke, umemkosa.

Zamu ya rafiki wa yule kijana inafika. Yeye na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe wanakaribiana kwa pointi, na atakayeshindwa atawanunulia wote kifungua kinywa. Bata mzinga wa kwanza anaanguka. Mlio wa chuma unachelewa kidogo kufika, kisha unasikika. Wa pili anaanguka, na wa tatu pia. Wa nne anakoswa.

Kwa wa tano, kijana anainua bunduki na mtutu unayumba. Upepo umeanza kuvuma. Sekunde zinakwisha, wenzake wamekaa kimya, na kila anayetazama anasubiri mlio.

Haupigi. Kijana anaondoa kidole kwenye kifyatulio, anashusha bunduki mtutu ukiwa bado umeelekea mbele, anavuta pumzi na kuanza upya. Anapoinua tena, msimamizi anatangaza muda umekwisha. Bata mzinga wa tano bado amesimama, na mzee anashinda kwa pointi moja.

Baba yake hagombi. Anampiga begani na kumwambia kwamba risasi aliyoizuia ndiyo nzuri kuliko zote za asubuhi hiyo. Yule mama, ambaye hadi hapo alikuwa amekunja mikono kifuani, anamuuliza mwanawe kwa Kiswahili, “Amesema nini?” Anapotafsiriwa anatikisa kichwa taratibu. Huko alikotoka hakuwahi kumsikia mtu mwenye bunduki akisifiwa kwa kutopiga.

Kabla ya mtu yeyote kwenda mbele kusimamisha wanyama walioanguka, bunduki zote huwekwa chini, komeo likiwa wazi na kipande cha plastiki chenye rangi kali kikionyesha kwamba ndani hamna kitu. Hakuna anayegusa silaha wakati kuna mtu mbele. Sheria hiyo haina mkubwa wala mdogo.

Masikio na mikono

Kila aliyefika, hata asiyeshindana, amevaa miwani na vikinga masikio. Mlio wa bunduki ya .22 unaweza kufika karibu desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kudhuru. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Yule mzee mshindi, aliyeanza kulenga zamani bila kinga, leo huhitaji kuambiwa kama chuma kimelia.

Hatari nyingine iko kwenye jina lenyewe. Katika Kiswahili, risasi ni kitu kinachotoka kwenye bunduki na pia ni madini ambayo hutengenezewa. Vumbi la madini hayo hubaki mikononi na kwenye nguo, na kwa mtoto mdogo huathiri ukuaji wa ubongo. Hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana marafiki hawa hawali uwanjani. Hunawa kwa sabuni kwanza, na wenye watoto wachanga hubadili nguo na viatu kabla ya kuwabeba.

Bunduki inalala wapi?

Mashindano yanapokwisha, mama anamwendea baba wa rafiki. Hana swali kuhusu uwanja. Anauliza: “Mwanangu akija kucheza kwako, bunduki hizi zinalala wapi?”

Baba hakasiriki. Anaeleza kwamba ana kabati la chuma lenye kufuli la namba, bunduki huingia humo zikiwa tupu, na risasi hufungiwa mahali pengine. Namba hizo anazijua yeye na mkewe tu, watoto hawazijui.

Hayo ndiyo madaktari wa watoto wa Marekani wanayowashauri wazazi: silaha itupu, ifungiwe, na risasi zifungiwe peke yake. Wanashauri pia kuuliza kabla mtoto hajaenda kwa rafiki, kama unavyouliza kuhusu mbwa mkali au mzio wa chakula. Kumfundisha mtoto asiguse hakutoshi, kwa sababu udadisi humshinda hata mtoto mtiifu.

Swali hilo si la Arizona peke yake. Mzazi ambaye mtoto wake analala kwa mjomba askari, au kwa jirani mwenye kibali cha silaha, ana haki ileile ya kuliuliza. Anayekuheshimu atakujibu. Akikwepa, watoto wacheze nyumbani kwako.

Wakielekea kwenye gari, kijana anauliza kama mwezi ujao ataruhusiwa kushika bunduki.

“Utakuja kuhesabu pointi,” mama anajibu. “Kushika, tutaongea na baba yako.”

Kijana anataka kubisha, kisha ananyamaza na kufunga mkanda wa gari.