Utoto Wako Utauweka Wapi, Bibi Harusi?



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo sijaliona katika orodha yoyote ya matayarisho ya harusi. Bibi harusi hupewa somo wa kumfunza mambo ya ndani, husuguliwa singo, hutiwa hina na piko, na kila anayeingia chumbani humkumbusha kuwa sasa ni mtu mzima, mambo ya kitoto ayaache nyuma. Maneno hayo yana ukweli wake. Lakini yapo mambo ya utotoni ambayo hayaachiki hata ukitaka. Mimi namna ya kuishi nayo nimejifunza kwa mzee mmoja wa Kijapani anayechora katuni.

Jina lake Hayao Miyazaki. Wengi wenu mmetazama filamu zake pamoja na watoto, hasa ile ya Totoro, dubwana la manyoya linaloishi msituni. Lakini mzee huyu ni mchoraji wa vitabu vya katuni pia, na kazi yake kubwa ya kalamu ni Nausicaä wa Bonde la Upepo. Alianza kuichapisha mwaka 1982 katika jarida la Animage, akaimaliza 1994. Vitabu 7, miaka 12. Ni hadithi ya binti wa mfalme katika dunia iliyoharibiwa na vita. Msitu wenye sumu unazidi kutanda, wadudu wakubwa mno wanaulinda, na watu wanataka kuuteketeza. Binti huyu anawapenda wadudu hao, anaruka angani kwa chombo chepesi chenye mbawa, na anataka kujua sumu inatoka wapi. Anapanda mimea ya msituni kwa maji safi na udongo safi, anakuta haina sumu. Kumbe uchafu ulikuwa wa binadamu wenyewe.

Ukiyajua maisha ya mchoraji, unaona mbegu za hadithi hii zilipandwa zamani. Alizaliwa Tokyo mwaka 1941, wakati wa vita. Baba yake na ami yake walikuwa na kiwanda cha kutengeneza sehemu za ndege za kivita. Mtoto akakua anazipenda ndege mno, na ndege hizohizo ndizo zilizobeba mauti. Julai 1945, akiwa na miaka 4, mji wa Utsunomiya walikohamia ulipigwa mabomu usiku. Wakakimbia kwa gari. Amesimulia mwenyewe kuwa mtu mmoja mwenye mtoto aliomba wapakiwe, na gari halikusimama. Jambo hilo lilimkaa moyoni mpaka utu uzima: laiti mtoto angesema, simameni. Sasa mtazame Nausicaä. Kila majeshi yanapokabiliana, yeye ndiye anayejitupa katikati kuwaambia watu wasimame.

Kisha mama yake. Kuanzia mwaka 1947 aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akawa mgonjwa kwa miaka mingi, hospitalini na baadaye kitandani nyumbani. Totoro, filamu ya mwaka 1988, ni ya ndugu wawili wa kike waliohamia shamba huku mama yao kalazwa. Lile dubwana halimponyi mama. Linawasaidia tu watoto wafike mpaka nje ya dirisha la hospitali, wamuone anacheka, wamwachie hindi, warudi nyumbani. Mchoraji aliyewahi kuwa mtoto wa mama mgonjwa anajua kuwa mtoto wa hali hiyo haombi makubwa. Anataka kumuona tu.

Mimi nilipoitazama mara ya kwanza nililia mpaka mume wangu akadhani nimepata habari mbaya kutoka kwetu. Nilipokuwa na miaka 9 na mdogo wangu 4, mama yetu alipandishwa boti kutoka Pemba akapelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Alikaa miezi minane. Sisi tulibaki kwa bibi, shamba, msimu wa karafuu. Ugonjwa gani, hatukuambiwa. Tukiingia ukumbini wakubwa wanashusha sauti. Usiku bibi alitutolea hadithi, na mdogo wangu katika kila hadithi aliuliza, “Na mama yake yuko wapi?” Bibi ikambidi amtie mama hata katika hadithi ya sungura na fisi.

Mama alirudi, alhamdulillah. Amekonda, anatembelea fimbo, lakini alirudi. Na mdogo wangu akaanza kuchora. Anayo madaftari sita ya skuli, yote ni hadithi moja ya katuni: msichana anarusha ngalawa juu ya mikarafuu, anavuka bahari, kila daftari anafika mji mwengine wenye majini na samaki wanaosema. Mji anaoutafuta hajaufikia.

Mdogo wangu anaolewa Mfungo Mosi hii, inshaallah. Mama mkubwa alipoyakuta madaftari sandukuni chini ya kanga akacheka, akasema mke wa mtu haendi na vikatuni kwa mume. Bibi harusi wetu akaja kwangu kuniuliza ayachome au vipi.

Nikamwambia kuwa hata Miyazaki alichoma. Alipokuwa kijana aliambiwa michoro yake inafanana na ya Osamu Tezuka, bingwa wa katuni wa Japani. Alipojiona kweli ameiga, akaichoma michoro aliyokuwa ameiweka kwenye mtoto wa meza. Alichoma alichoazima kwa mtu. Mama yake, ndege, hofu ya usiku ule, hivyo hakuvichoma, na ndivyo vilivyomlisha kwa miaka 50 na zaidi. Basi nikamuuliza, katika haya yako umeiga kipi? Akanyamaza. Kesho yake aliyapeleka kwa mama.

Mama aliyasoma yote mchana mmoja. Akauliza swali moja tu: “Mbona hafiki?” Mdogo wangu akajibu, “Sikujua hospitali ikoje.” Wakakaa pamoja mpaka magharibi, mama anamweleza dirisha lilikuwa upande gani, jirani wa kitandani alikuwa nani, na alivyokuwa akiwahesabia siku zao za skuli kwa vidole. Miaka kumi na minane tulikuwa hatujayasikia hayo. Madaftari amekuja kuyafunga mama mkubwa mwenyewe, kwa kanga mpya.

Najua wapo watakaouliza hukumu ya kuchora. Masheikh wamekhitalifiana kuhusu picha za viumbe wenye roho, na mimi si wa kutoa fatwa, muulize unayemuamini. Lakini tusidhani dini yetu inadharau mawazo ya mtoto. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliona katika vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (r.a.) farasi mwenye mbawa za kitambaa, akamuuliza farasi gani huyu mwenye mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (a.s.). Mtume alicheka mpaka magego yake yakaonekana.

Jambo moja la kuangalia, dada zangu. Hamu ya zamani ina udanganyifu wake. Inakuletea sukari tupu: mchuzi wa mama, shokishoki za shamba, ukuti mbalamwezini. Ukienda kwa mume na sukari hiyo peke yake, kila mchuzi wa wifi utakuwa na kasoro, na kila siku utahesabu ulichokosa. Miyazaki hakuchora utoto mtamu tu. Aliutia na woga wake, ndio maana anayemsoma humhurumia hata adui ndani ya hadithi. Ukikumbuka utoto wako pamoja na ulichokiogopa, utamfahamu mumeo, naye ana cha kwake, na inshaallah utawafahamu watoto wako wakiuliza mama yuko wapi.

Kwa hiyo kabla ya siku yako, ewe bibi harusi, tafuta alasiri moja ukae na mama au bibi. Muulize jambo la utotoni ambalo hukuwahi kuelezwa. Kama unaandika, andika. Kama unachora, chora. Na siku mkizoeana na mumeo, msimulie na lile lililokutisha, umsikilize na yeye.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu utulivu, mapenzi na huruma, awaponye mama zetu wagonjwa, na awarehemu waliotangulia. Amin.