Nani Ataifungua Kibumba?

Sisi tulioshika spana enzi za Zaire ya Mobutu hatukuuliza injini ina nguvu za farasi ngapi. Tuliuliza: ikizima usiku kule Kibumba, mvua inanyesha na mzigo uko juu, nani ataifungua? Jibu likiwa "mimi mwenyewe, kwa spana ya 14 na ya 17", tuliinunua. Jibu likiwa "fundi wa mjini", tuliiacha ilipo, hata kama imeshuka melini jana.

Swali hilo limenirudia kupitia mpwa wangu. Ana Hilux ya petroli, ile ya 22R, na injini yake imekwisha. Kazi yake ni kubeba kabichi na viazi kutoka Kibumba hadi soko la Virunga hapa Goma, na petroli imekuwa ikimlia faida. Ameamua kuiwekea dizeli ya silinda nne. Alinijia na orodha kwenye simu. Juu kabisa aliandika 1KZ, lita tatu na turbo. Chini kabisa, nadhani kwa kunistahi tu, 3L isiyo na turbo.

Kwamba iwe silinda nne, hatukubishana. 1HZ ya silinda sita, ile ya Land Cruiser za mashirika ya misaada, ni injini ya kuheshimiwa, lakini ni ndefu kwa pua ya Hilux, na siku ya kuifanyia ukarabati mkubwa unalipa mara sita: injekta sita, pistoni sita, seti sita za ringi. Kabichi hailipi silinda sita.

Ubishi ulianzia baada ya hapo, na ulikuwa mrefu kuliko injini yenyewe. Ili vijana waelewe kwa nini wazee wa Goma tunaogopa nyaya kama nyoka, lazima nirudi nyuma. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na kampuni za wageni zikabidhiwe Wazaire. Wengi wa waliokabidhiwa hawakuwa watu wa biashara. Waliuza kilichokuwa rafuni, na rafu zilipobaki tupu hazikujazwa tena. Vipuri vikawa hadithi. Kinshasa iko mbali nasi kuliko Mombasa, na hakuna barabara ya kukufikisha huko. Kwa hiyo macho yetu yaligeukia mashariki, Kigali na Kampala na bandari zilizo ng'ambo yake, na huko ndiko yaliko hadi leo.

Wakati huo fahari ya mfanyabiashara wa kahawa ilikuwa Land Cruiser FJ45, pikapu yenye petroli ya silinda sita, lita 4.2. Ilikunywa kana kwamba kisima cha mafuta ni chake. Petroli ilipoanza kuuzwa kwa madumu na kwa kujuana, tuliing'oa injini ile na kuweka 3B, dizeli ya silinda nne, lita 3.4. Shasi ilikuwa ndugu wa BJ45 ya dizeli, kwa hiyo mikono ya kushikia injini tuliipata kwenye gari lililokufa, tukaichomelea, kazi ikaisha. Uzuri wa 3B ni kwamba haina mkanda wa taimingi wa kukukatikia njiani. Kamshafti inazungushwa na gia, gia hizo ziko ndani ya oili, na oili ukiibadilisha kwa wakati zitakuzika.

Na haikuhitaji umeme ili iende. Gari likiishiwa mafuta na hewa ikaingia kwenye mabomba, ulikuwa na la kufanya. Unasukuma kwa kidole gumba kile kipampu cha mkono, mara nyingi, mpaka kikaze. Unalegeza nati za mabomba ya injekta kwa spana ya 17, utingo anazungusha ufunguo, nawe unatazama: kwanza povu, kisha matone, kisha dizeli safi inayoruka. Unakaza ya kwanza, ya pili, injini inakohoa, ya tatu, inashika. Betri ikiwa imekufa, unaegesha kwenye mteremko. Goma haijawahi kupungukiwa na miteremko.

Ujuzi huo ulituokoa kweli. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na tena ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kisha siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama mitaa, kila kilichoweza kuwaka kilielekea Gisenyi au Sake. Aliyekuwa na gari lisilomtegemea mtu mwingine alilala na watoto wake mahali salama. Sitaki kijana yeyote acheke spana zangu.

Lakini mpwa wangu hakucheka. Alikuja na hoja, na hoja yake ya kwanza ni nzito. Goma iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kibumba iko juu zaidi. Dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. 3L iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 90 hivi, hapa inabaki na sabini na kitu, na ikiwa pampu yake ilisetiwa kwa hewa ya pwani, inamwaga dizeli isiyoweza kuungua na kutoa moshi mweusi mlima mzima. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Ni kweli. Nami nimeona Hilux za 2.4, zile za 2L, zikipitwa mlimani na chukudu, zile skuta zetu za mbao. Natia chumvi kidogo tu.

Nikamwambia: sawa mwanangu, sasa tuitazame hiyo 1KZ. Nyingi zinazokuja zinatawaliwa na kompyuta. Pampu inangoja amri ya waya. Kichwa chake ni cha aluminiamu na kina sifa mbaya ya kupasuka kikipata joto, na wewe unapanda Kibumba kila safari. Gia boksi uliyonayo haifungiki kwake, kwa hiyo utanunua na yake, kisha utakata shafti. Tena utaweka mafuta ya nani? Ya kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, aliyechanganya dizeli na mafuta ya taa na maji ya mvua. Hapo 1KZ ni afadhali, maana zile za D-4D zilizoifuata husukuma mafuta kwa zaidi ya bar 1,300, na uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kuziua. Injekta ya 3L hufunguka kwa bar mia moja na kitu. Ina subira na uchafu wetu.

Akanijibu: "Mjomba, kwa nini tuchague injini inayovumilia uchafu? Kwa nini mafuta yasiwe safi?"

Swali hilo kizazi chetu hakikuliuliza. Tulikuwa na kile Kifungu cha 15 cha mzaha, jipangeni wenyewe, na tulijipanga mpaka tukakifanya sifa. Barabara ya Rutshuru ilipooza, tuliongeza majani ya springi. Daraja lilipodondoka, tulibeba mbao zetu. Ushuru wa barabara tulilipa, wa kizuizi cha kwanza na cha pili na cha tatu, na hakuna aliyesimama mbele ya ofisi ya gavana kuuliza fedha hizo zimetengeneza kilomita ngapi. Wageni walitusifu kwa ubunifu wetu, nasi tukafurahi. Ukweli ni kwamba ubunifu huo uliwafaa sana waliopaswa kutengeneza barabara, na hawakutulipa chochote kwa ajili yake. Anayetaka injini yenye kompyuta anadai, hata kama hajui, kituo chenye mafuta ya kuaminika na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Ni madai halali. Sisi hatukuwa nayo.

Ila kabichi huoza siku ya tatu, na madai ya kizazi huchukua muda. Tulikutana kwenye 5L: lita tatu, jamii ileile ya 3L, inakaa kwenye mikono ileile ambayo Toyota yenyewe iliifunga kwenye Hilux za dizeli, na tumetafuta ile yenye pampu isiyo na kompyuta. Ilitoka soko la Kisekka, Kampala. Kuilipia kulikuwa sarakasi, kwa kuwa waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifunga milango, na muuzaji wa injini huikagua noti ya dola kwa makini kuliko anavyokukubalia uikague injini yake. Noti ikiwa na mchaniko wa ukucha, haiingii mfukoni mwake.

Kitu kimoja sikumruhusu akisahau. Breki za petroli husaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Dizeli haina mvuto huo, na kwenye injini za L huletwa na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Watu hununua injini "kamili", alteneta ikiwa imebadilishwa na isiyo na pampu, na hawajui mpaka wateremke kutoka Masisi kwenda Sake na pedali isiyobonyea. Nilimshikisha alteneta mkononi, nikamgeuzia nyuma yake, aone bomba nene la hewa na jembamba la oili. Tangi pia lioshwe, na filta iwe ya kutenga maji.

Sasa tumebakiza pampu ya dizeli yenyewe. Mimi ningeipunguza kwa skrubu, robo mzunguko kila mara, huku nikitazama moshi, kama tulivyofanya siku zote. Yeye anataka iende Kampala ipimwe kwenye mashine, mililita kwa mililita, silinda kwa silinda. Nimemwachia. Ameifunga kwenye gunia, anaondoka Jumatatu kwa basi, na nusu ya nauli nimetoa mimi.